Tazama mikono: kizimba cha Denver na mapenzi ya Derbyshire kwenye ukumbi mmoja wa Kamalondo

Mlangoni kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: saa kumi, Orgueil et Préjugés (Pride & Prejudice, filamu ya 2005), saa moja usiku, UFC ya kwanza (mapigano ya kizimbani ya 1993). Kiingilio ni franka 2.000 kwa kipindi kimoja, 3.000 kwa vyote viwili. Ndani mna mabenchi kumi na mawili, paa la mabati, projekta iliyofungwa kwenye boriti, na ukuta uliopakwa chokaa ambao ndio skrini. Kamalondo ni mtaa wa Lubumbashi ambao Jumamosi yake ni ya Mazembe, klabu ya soka, kwanza, mengine baadaye. Kuweka hapo filamu ya mapenzi ya Uingereza ya kale na mashindano ya kizimbani kwenye ubao mmoja ni uamuzi wa mtu anayejua anachokipenda. Chaguo lenyewe tunalipa alama zote. Uonyeshaji tunaupa nusu, na karibu kila kilichoharibika kinaweza kutengenezwa bila kununua kitu.

Vipindi hivi viwili vinafanana kuliko ubao unavyoonyesha, maana vyote vinasomwa kwenye mikono. Mashindano yale ya 1993 yaliamuliwa na nani ameshika wapi na nani amegonga sakafu kukubali kushindwa. Filamu ile ya 2005 inahusu watu ambao desturi imewakataza kugusana, kwa hiyo mkono ukishika mkono kwa sekunde mbili, ukumbi mzima unapaswa kuuona. Picha ikivutwa au ikikatwa, mnabaki na watu wanaobiringishana chini, kisha watu wanaonong'ona sebuleni.

Tuchukue kizimba kwanza. Ilikuwa tarehe 12 Novemba 1993, kwenye McNichols Sports Arena mjini Denver. Wanaume wanane wa mitindo mbalimbali (ndondi, sumo, karate, savate, taekwondo, jujitsu ya Kibrazili na mingineyo) waliingia kwenye ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu, usiku mmoja, kwa mtoano, na mshindi alichukua dola 50.000. Mambo ambayo wapenzi wa MMA (mapigano ya mitindo mchanganyiko) wameyazoea leo, yaani madaraja ya uzito, raundi tatu za dakika tano, glavu za aunsi 4 na alama za waamuzi, hayakuwepo. Kuuma na kuchokonoa macho ndiko kulikokatazwa. Kwa kanuni, pambano liliisha mtu alipopoteza fahamu, alipogonga, au kona yake ilipotupa taulo. Ukijumlisha muda wa mapambano yote saba ya mtoano unapata dakika 12 na nusu tu. Kanda nzima iliyobaki ni matembezi, maelezo na kusubiri, na ndiyo maana mtazamaji akiinama kuokota karanga zake anaweza kukosa nusu fainali. Zote mbili hazikufikisha dakika moja.

Pambano la kwanza ndilo kila mtu analijua. Teila Tuli wa sumo, mwenye zaidi ya kilo 180, anamvamia Gerard Gordeau wa Uholanzi, anaanguka penye wavu, anapigwa teke la mdomoni, jino linaruka. Sekunde 26. Hilo linaeleweka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Linalofaa kulipiwa franka 2.000 ni lile la Art Jimmerson, bondia aliyeingia na glavu moja tu, mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mtupu. Mtazameni vizuri. Glavu ile inamwachia ngumi lakini inamnyima vidole, na Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu, akishamlaza na kumkalia kifuani, mkono ule hauna cha kushika. Hausukumi nyonga, haukamati mkono wa kimono, haufungi kiwiko. Anagonga kwenye dakika ya 2 na sekunde 18 bila kukabwa. Watazamaji wengi wa ukumbi waliguna kwamba amejisalimisha bure. Hakujisalimisha bure: alikuwa ameelewa, mapema kuliko waliokuwa wanamtazama, kwamba hana njia ya kutoka pale chini.

Nusu fainali ya Gracie dhidi ya Ken Shamrock ilichukua sekunde 57, na inadai macho makali zaidi. Gracie anapata mgongo, kabali inaingia, Shamrock anagonga, na mwamuzi haoni. Gracie analegeza, mwamuzi anaashiria waendelee, Gracie analalamika, kisha Shamrock mwenyewe anakubali kwamba aligonga. Kila kitu kimo kwenye kiganja kimoja kilichogusa turubai. Kwenye ukuta wa Kamalondo kiganja hicho hakikuonekana kabisa, na watu wakatoka wakiamini kwamba mwamuzi amemwonea Shamrock.

Wachezaji wa judo wa hapa Lubumbashi watalitambua kabali hilo: wao huliita hadaka-jime. Kwa wasiolijua, mpangilio wake ni huu. Kwanza mgongo: unakaa nyuma ya mtu na kuingiza visigino ndani ya mapaja yake, ili asigeuke. Kisha mkono mmoja unapita chini ya kidevu mpaka ncha ya kiwiko ije katikati ya koo. Kiganja cha mkono huo kinashika misuli ya juu ya mkono wako wa pili, na mkono huo wa pili unakwenda nyuma ya kisogo chake. Hapo unafunga kwa kupanua kifua na kurudisha mabega nyuma. Kinachobanwa ni mishipa ya damu ya pande mbili za shingo. Koromeo linapaswa kubaki wazi kwenye mkunjo wa kiwiko. Likikaa sawasawa, mtu anazimia kwa muda mfupi sana, sekunde kumi hivi. Hukosewa kwa namna mbili. Ama kidevu kimeinama kabla mkono haujapita, na hapo mnabana taya tu, ambayo inauma lakini haizimishi mtu. Ama mkabaji amesahau miguu, na anayekabwa anageuka na kumlalia. Ndiyo maana kabla ya kila kabali kuna vita vya vidole: anayekabwa anashika kiganja kimoja cha mkabaji kwa viganja vyake viwili, anavuta, anabandua. Vita hivyo ndivyo pambano lenyewe. Fainali, Gracie dhidi ya Gordeau, iliisha kwa kabali lilelile kwenye dakika ya 1 na sekunde 44. Gordeau alikuwa amemuuma sikio, na utaona jinsi Gracie anavyochelewa kumwachia hata baada ya kugongewa.

Kwa nini basi ukumbi haukuona mikono? Kanda ya mwaka 1993 ina umbo la 4 kwa 3, na projekta inatupa umbo la 16 kwa 9. Mwonyeshaji haipendi mipaka myeusi pembeni, kwa hiyo ameivuta picha ijaze ukuta wote. Kila mtu amenenepa kwa theluthi. Hapo ndipo hadithi yenyewe inapopotea, maana maana yote ya usiku ule ni kwamba mtu mwembamba wa kilo kama 80, ndani ya kimono cheupe, anawashinda wakubwa kuliko yeye. Gracie wa Kamalondo alikuwa na mabega ya mbeba magunia. Nani atashangaa akishinda?

Dawa ni kitufe kimoja. Kompyuta ya ukumbi inatumia VLC: bonyeza herufi A mara kadhaa mpaka iandike 4:3. Kwenye ukuta wa mita 2,4 kwa 1,35, picha ya kweli itakuwa na upana wa mita 1,8, na weusi wa sentimita 30 kila upande. Uacheni weusi huo. Kosa la pili ni vile vistari kama meno ya kitana vinavyotokea kwenye kingo za mkono unaokwenda kasi. Kanda ya video ya Marekani hurekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, moja baada ya nyingine. Kompyuta ikizionyesha pamoja bila kuziunganisha vizuri, ngumi inachanika vipande viwili. Bonyeza D, kisha kwenye orodha ya picha chagua Yadif. La tatu, ukali wa picha kwenye projekta umepandishwa hadi mwisho, ikidhaniwa utaongeza usafi. Kanda ile ina mistari 480 tu. Ukali unaongeza nyuzi nyeupe kuzunguka miili, hauongezi kitu kilichopo. Rudisheni katikati. Nanyi watazamaji, msikimbilie benchi la kwanza: kwa kanda ya zamani namna hii, benchi la nne au la tano ndipo picha inapotulia.

Filamu ya saa kumi ni kazi ya Joe Wright, filamu yake ya kwanza ya sinema, kutoka riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa mwaka 1813. Keira Knightley ni Elizabeth Bennet, Matthew Macfadyen ni Darcy, tajiri mwenye majivuno. Tutasema waziwazi: miongoni mwa filamu za mapenzi ya kale zinazopita kwenye kumbi zetu, hii ndiyo inayofaa zaidi kuonyeshwa ukutani, kwa sababu inasimulia kwa mwili zaidi kuliko kwa maneno. Nyumba ya akina Bennet ina kuku, nguo zilizoanikwa na nguruwe anayekatiza. Si jumba la kung'aa la kupigia picha za harusi. Mwongozaji ameirudisha hadithi nyuma hadi miaka ya mwisho ya 1790, wakati Austen alipoandika rasimu yake ya kwanza, ndiyo maana magauni hayafungwi juu kabisa chini ya kifua kama kwenye filamu nyingine za hadithi zake. Kilichopotea kwa kubana riwaya ndani ya saa mbili na kidogo ni Wickham, ofisa wa jeshi mwenye maneno matamu, ambaye anakuja na kuondoka kabla hujamwamini vya kutosha ili udanganyike. Hilo ni pungufu la kweli, maana Elizabeth anapokosea juu yake, mtazamaji anapaswa kuwa amekosea pamoja naye.

Kisa chenyewe hakihitaji maelezo marefu hapa. Baba ana mabinti watano na hana mvulana. Nyumba na shamba vimefungwa kisheria kwa mrithi wa kiume, na baba akifa vyote vinakwenda kwa binamu, bwana Collins. Kila mtu Lubumbashi ameona ndugu wa marehemu wakija na gari kuchukua vitanda. Lakini tofauti ielezwe mlangoni, kwa sababu inabadilisha jinsi mnavyomtazama mama Bennet. Kwetu, Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto, wasichana kwa wavulana, robo tatu ya urithi; anayewafukuza anavunja sheria. Kwa akina Bennet, sheria yenyewe ndiyo inayowafukuza. Mama yule anayepiga kelele kutafutia mabinti wake waume ndiye pekee ndani ya nyumba aliyepiga hesabu. Brenda Blethyn anamcheza hivyo, na ukumbi ukimcheka tu unakuwa umempoteza.

Sasa mikono. Dada mkubwa, Jane, ameugua kwa jirani, Elizabeth amekwenda kumuuguza, na siku ya kuondoka Darcy anamshika mkono kumpandisha garini. Mikono mitupu, hakuna glavu. Elizabeth anautazama mkono wake. Darcy anageuka, anakwenda zake, na kamera inashuka kwenye vidole vyake vinavyokunjuka kana kwamba vimeungua. Hakuna neno linalosemwa. Kipande hicho ni kifupi kuliko pambano la Tuli, na ndicho kinachobeba nusu ya kwanza ya filamu: kuanzia hapo mnajua asichokijua Elizabeth. Kisha dansi kwenye nyumba hiyo ya jirani, Netherfield, ambapo wanagombana kwa adabu huku desturi ya dansi ikiwalazimisha kushikana viganja kila baada ya hatua chache, mpaka ghafla watu wote wanatoweka ukumbini na wanabaki wawili. Na mwishoni, alfajiri, shambani, Elizabeth anaushika mkono wa Darcy, anauona umekuwa baridi, anaubusu.

Ukumbi uliukata. Filamu hii ni pana sana, karibu 2,35 kwa 1, na kwenye ukuta uleule inapaswa kukaa na kimo cha mita 1 hivi, weusi wa sentimita 16 juu na 16 chini. Mwonyeshaji, kwa woga uleule wa mipaka myeusi, ameikuza mpaka ijaze, na robo ya upana imeangukia nje. Dansi ina safu mbili zinazotazamana. Zimekatwa zote mbili mabegani. Maandishi ya Kifaransa yaliyokuwa kwenye weusi wa chini yamekwenda nayo. Hapa kitufe ni C, mpaka kirudi kwenye umbo la kawaida. Maandishi yakichelewa kuliko midomo, G na H huyasogeza nyuma na mbele. Sauti ikichelewa, ni J na K.

Rangi pia. Projekta imeachwa kwenye modi ya Dynamique, ambayo inaongeza mwanga kwa kuingiza ukijani, na nyuso zote za waigizaji zilikuwa na homa. Modi ya Cinéma inapunguza mwanga lakini inarudisha ngozi. Na hapo ndipo ratiba yenyewe inapoleta shida: saa kumi jioni jua la Lubumbashi bado linaingia kwenye matundu ya mabati na chini ya mlango, kwa hiyo mwonyeshaji hawezi kuacha Dynamique hata akitaka. Filamu ina matukio ya mishumaa na ya alfajiri. Kanda ya Denver ina taa kali za ulingo na kimono cheupe. Vibadilishwe. Mapigano saa kumi, mapenzi saa kumi na mbili na nusu, giza likishaingia. Tunajua usiku wa mapigano ndio unaouza bia na sukre (soda), lakini mapigano yanavumilia mwanga, filamu haivumilii.

Sauti ndiyo iliyotuumiza zaidi. Maneno ya waigizaji yalikuwa yakizama huku piano ikipiga kwa nguvu. Sababu yake inajulikana: sauti ya filamu imegawanywa njia sita, maneno yakiwa kwenye njia ya katikati, na ukumbi una spika mbili. Kompyuta ikidhani kuna spika sita, inatuma maneno kwa spika isiyokuwepo. Kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta chagueni stereo, siyo 5.1, na maneno yatarudi. Baada ya hapo shusheni besi kwenye mikseri; ile iliyopandishwa kwa ajili ya rumba inafunika sauti za wanaume wote. Piano ile, muziki wa Dario Marianelli unaopigwa na Jean-Yves Thibaudet, ilisikika ikiwa juu kidogo kuliko kawaida, na wenye masikio ya kwaya waligundua. Hilo si kosa la ukumbi. Diski ya DVD ya Ulaya huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na sauti inapanda kwa kiasi kisichofika nusu toni.

Kuna pia mfasiri mwenye maikrofoni, na hapa tunaomba asikilize kwa moyo mzuri kwa sababu kazi yake ni ngumu na ana sauti nzuri. Kwenye mapigano alikuwa hodari: mafupi, kwa wakati, majina sawasawa. Kwenye filamu alijaza kila kimya, pamoja na kile cha vidole vya Darcy, ambapo alisema Darcy anampenda. Tulikuwa tunaona. La pili ni la lugha. Kuanzia mkutano wa kwanza aliwafanya Elizabeth na Darcy waitane kwa «u», kama watoto wa parseli moja. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina dawa: ule wingi wa heshima, «munisamehe», «mulisema», «jambo yenu». Darcy anapomchumbia Elizabeth kwenye mvua mara ya kwanza, anamtukana familia yake yote na bado wanaitana kwa heshima. Ukiondoa ile «mu-», ugomvi unakuwa wa barabarani. Ibaki mpaka alfajiri ya shambani. Akitaka kuivunja hapo, mara moja tu, ukumbi utasikia kilichobadilika.

Umeme ulikatika mara moja, katikati ya barua ya Darcy. Jenereta iliwaka baada ya dakika nne, jambo la kusifiwa, ila projekta ilikuwa imezimika ghafla ikiwa moto na kuwashwa tena hapohapo. Taa ya projekta inauawa na joto linalobaki ndani baada ya feni kusimama. Onduleri ndogo (betri ya dharura) inayobeba projekta peke yake kwa dakika tano inatosha kuendesha feni mpaka jenereta ishike.  Kama hamna, subirini ipoe kabla ya kuwasha. Mvua ni suala jingine: kuanzia Novemba mabati yale yanaimeza filamu yote, na hakuna kitufe cha hilo. Siku za mawingu mazito lipieni mapigano tu.

Swali la mwisho liulizwe mlangoni kabla ya kutoa franka: diski ina mwisho gani? Toleo la Uingereza linaishia kwa baba Bennet, Donald Sutherland, akicheka peke yake ndani ya maktaba baada ya kumruhusu binti yake. Toleo la Marekani linaongeza usiku mmoja Pemberley, jumba la Darcy kule Derbyshire, mume na mke wamekaa nje, na busu. Wengine huona nyongeza hiyo ni sukari nyingi. Sisi tunalipendelea la baba. Ukumbi una la Uingereza, na majina ya mwisho wa filamu yalipoanza mwonyeshaji aliwasha taa, watu wakabaki wamekaa wakiuliza busu liko wapi. Waambieni mapema, na mziache taa zimezimwa mpaka piano inyamaze.